Mkono wa Kulia: Kutoka Newala Kufuata Kiwiko Kipya

Tangu nirudi, kila anayeingia ofisi ya walimu ananiuliza ilikuwaje, na kila nikianza kujibu kengele inalia. Mwalimu Mkuu ameshanisikia mara mbili, na mara zote mbili nimesimulia kwa haraka hadi nikaruka mambo. Basi nimeamua kuandika. Nimeandika kwa mkono huohuo mnaouulizia, kidogo kidogo, nikichoka naweka kalamu. Habari za barua za rufaa na mihuri sitazigusa. Zilinichosha mimi, zisiwachoshe na ninyi.

Kwa asiyenijua: naitwa Somoe, nafundisha darasa la pili, nyumbani ni Newala. Nina baridi yabisi, ule ugonjwa ambao mwili unajila wenyewe kwenye maungio. Ulianza vidoleni miaka kumi na moja iliyopita, ukapanda viwikoni, ukakaa huko. Mwishowe kiwiko cha kushoto kikawa kinacheza huku na huku kama bawaba iliyolegea, na kiliniuma mpaka machozi. Cha kulia hakikuuma sana, ila kiliganda. Hakikukunjika, hakikunyooka. Ubaoni sikufika, mdomoni sikufika. Kuoga, kuvaa, kutia udhu, kula, vyote vilikuwa kwa mkono wa mtu. Mtu huyo ni Asumini, wifi yangu, dada wa mume wangu. Ni mjane, ana ulimi wa pilipili, na ndiye aliyenilisha miaka mitatu bila kunihesabia tonge.

Tukapata habari kwamba yupo bingwa wa kubadilisha viwiko anayekuja Dar es Salaam mara chache. Safari hii angekaa wiki moja. Mimi niliwekwa Jumanne, na Ijumaa yeye anaondoka.

Newala: kiwiko cha nani?

Jioni ya kuamkia safari mama mkwe aliniita chumbani kwake. Alifunga mlango, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mwanangu, hicho kiwiko watakachokuwekea ni cha nani?"

"Cha nani vipi, mama?"

"Mwenyewe amekufa, au ameuza?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaona vidole vyake vimeacha kuvuta tasbihi, nikajua amelibeba jambo hili siku nyingi.

"Siku ya kufufuliwa mwenyewe atakuja kukidai," akasema. "Utamjibu nini?"

Nikakaa chini karibu naye nikamweleza kwamba hakitoki kwa mtu. Ni cha chuma na plastiki ngumu, kimetengenezwa kiwandani, kina msumari unaoingia kwenye mfupa wa juu na mwingine kwenye mfupa wa chini.

"Chuma?"

"Chuma, mama."

"Basi afadhali. Chuma hakina ndugu." Akaniombea dua, akanipulizia kichwani. Nilipotoka nikamkuta mume wangu, Baba Rukia, amesimama ukumbini, na kwa sura yake nikajua kuwa swali lile alikuwa nalo hata yeye.

Newala hadi Masasi

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa umefunika ukingo wa uwanda kiasi kwamba bonde la Ruvuma halikuonekana kabisa. Baba Rukia hakuweza kuja kwa sababu palilio la mikorosho lilikuwa limemshika, na ukweli mwingine ni kwamba yeye hawezi kunivalisha. Aliniwekea mto mapajani, akailaza mikono yangu juu yake kama mtu anayelaza watoto wawili, akashuka garini.

Kwa mwenye viwiko vizima, njia ya Newala kwenda Masasi ni safari fupi tu. Mimi ninaijua kwa matuta. Kila tuta lilipanda kwenye kiwiko cha kushoto, likafika begani, likaishia kwenye meno. Asumini alikuwa akitazama mbele ya gari na kuniambia, "Linakuja," nami najikaza. Tulifika Masasi majabali yake yakiwa yameanza kupata jua, tukalala kwa binamu yake.

Alfajiri ya Jumapili, stendi, Asumini alinikalisha kwenye benchi la mama mmoja muuza chai, akawa ananikatia chapati na kunitia mdomoni. Yule mama alitutazama, akaangua kicheko mbele ya wateja wake.

"Mtu mzima analishwa! Mikono yako imekwenda wapi, bibi?"

Asumini hakugeuka hata kidogo. "Imetangulia Dar es Salaam. Ndiyo tunaifuata."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka ili yaishe. Lakini yule mama alikuwa ameanza kutazama vizuri. Akaona jinsi viwiko vilivyotoka pembeni, akaona vidole. Akakiacha kijiko chake ndani ya sufuria. Tulipoitwa kupanda basi alitukimbilia na mfuko wa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vya huku kusini, bado ya moto, na pilipili ya kusaga pembeni. "Nisamehe, dada yangu," akasema. "Nilidhani ni deko." Ming'oko ile ilitufaa kuliko alivyojua.

Barabara ilipokatika

Mbele kidogo ya Somanga magari yalianza kupungua mwendo, kisha yakasimama. Mvua zilikuwa zimepiga siku nne. Maji yalikuwa yameila barabara, kipande kizima kimeondoka na karavati lake, na pale palipokuwa na lami palipita mto wa rangi ya chai ya maziwa.

Dereva wetu alisema ni saa mbili tatu. Ikafika jioni. Tulilala kwenye viti. Jumatatu ikapambazuka, ikapita yote. Ming'oko ikaisha. Akina mama wa vijiji vya karibu walileta uji na samaki wa kukaanga, na kila saa bei ilikuwa na sura mpya. Asumini alinilisha mbele ya basi zima, na kwa mara ya kwanza sikuona aibu, maana nilikuwa nahesabu kitu kingine. Kesho ni Jumanne. Kesho ndiyo zamu yangu.

Nilimpigia simu nesi aliyekuwa akiwapangia wagonjwa. Nikamweleza. "Pole, Mwalimu," akasema. "Ila daktari hasubiri barabara. Usipofika, nafasi anapewa mwingine."

"Na mimi?"

"Atakapokuja tena."

"Lini?"

"Hapo sina la kukudanganya."

Jumanne asubuhi maji yalishuka hadi kwenye nyonga. Watu wakaanza kuvuka kwa miguu, kwani upande wa pili kulikuwa na mabasi yaliyogeuza kurudi Dar es Salaam. Vijana walikuwa wamefunga kamba kutoka mti huu hadi ule, na abiria walikwenda wakiishika, mmoja mmoja. Nilisimama nikaitazama ile kamba. Kila aliyeteleza alijivuta nayo akainuka. Mimi ningejivuta kwa nini? Nikiteleza, mikono yangu haiwezi hata kujifungua kutafuta kitu cha kushika.

Asumini alisema anibebe yeye. Ni mfupi kuliko mimi. Nikakataa, tukaanza kugombana palepale kwenye tope, wote wawili tukilia kwa hasira.

Ndipo akaja mtu mmoja kutoka kwenye lori lililokuwa nyuma yetu. Mtu mrefu, shingo nene, mabega yamepinda kwa mizigo. Akasema anaitwa Mchopa, kazi yake ni kubeba magunia ya korosho maghalani, kwao ni Chiungutwa.

"Shikamoo, mama," akaniamkia, ingawa nadhani tunalingana.

"Marahaba."

Kisha ombi lake hakulileta kwangu. Akamgeukia Asumini. "Dada, huyu ni nani wako?"

"Wifi yangu. Mke wa kaka yangu."

"Basi nakuomba wewe. Unaniruhusu nimbebe mgongoni?"

Asumini akanitazama, akayatazama maji. "Hawezi kukushika shingo. Mikono haipandi."

Mchopa akafikiri. "Una kanga?"

Walinifunga kwa doti mbili za kanga, moja chini ya makalio, moja kifuani, kama mtoto. Mimi, mwalimu wa darasa la pili, mwanamke wa miaka arobaini na minane, mgongoni kwa mwanamume nisiyemjua, mbele ya mabasi sita. Mikono yangu ilibanwa katikati ya kifua changu na mgongo wake, na kiwiko cha kushoto kilipiga kelele ambayo sikuitoa mdomoni. Asumini alitangulia, kamba mkono mmoja, begi kichwani.

Maji yalipomfika Mchopa kiunoni nilisikia baridi miguuni. Katikati aliteleza. Mguu mmoja ulizama, tukaenda upande, nikaona maji yanakuja usoni na nikaanza shahada. Akasimama. Hakusogea kwa muda, anahema tu, nami nilisikia moyo wake ukipiga dhidi ya viwiko vyangu.

"Mama," akasema, "magunia hayatetemeki. Tulia kama gunia."

Nikatulia kama gunia. Tukatoka.

Asumini alipokuwa akifungua mafundo ya kanga nilianza kumshukuru Mchopa. Alitikisa kichwa tu, akarudi majini kumchukua mzee mmoja. Sijamwona tena. Nimeulizia Chiungutwa, nimeambiwa wapo akina Mchopa wengi.

Hospitali: mshale

Tulifika wodini Jumanne jioni, sketi yangu ina tope hadi magotini. Nafasi yangu ilikuwa imeshapewa mtu. Nesi, yule wa kwenye simu, alinitazama toka juu mpaka chini akaenda kusema na daktari bila kuniahidi kitu. Aliporudi akasema: Alhamisi asubuhi, mgonjwa wa mwisho. Kuanzia pale niliogopa hata kukohoa, nisije nikaonekana nasumbua.

Jumatano mchana daktari akaja. Mtu mpole, anaongea taratibu, mkononi picha zangu za eksirei. Aliuliza mawili matatu, akakichezesha kiwiko cha kushoto nikauma mdomo, akatoa kalamu nene akachora mshale kwenye mkono huo, akatia sahihi chini yake. "Kesho," akasema, akaenda kitanda cha pili.

Nilikuwa nautazama ule mshale. Nilidhani ni alama ya kukumbuka mkono wenye maumivu. Asumini ndiye aliyesema kwa sauti ndogo, "Wifi, mbona kachora kushoto?"

Mimi nilikuja kwa ajili ya mkono wa kulia. Katika kila safari yangu ya maandalizi niliulizwa, "Upi unauma zaidi?" na kila mara nilijibu kweli, wa kushoto. Hakuna aliyeniuliza nauhitaji upi.

Mtaniona mjinga, lakini nilikaa kimya muda wa kutosha kuchemsha chai. Nilikuwa nimechelewa, nikahurumiwa, nikabanwa mahali pasipo na nafasi. Leo tena nimwambie daktari bingwa amekosea mkono? Nikajiambia kushoto nako ni kiwiko. Maumivu yataisha. Kisha nikajiona nimerudi Newala, sina maumivu, na bado nimefungua mdomo nasubiri tonge.

Nikashuka kitandani, nikamfuata hadi mwisho wa wodi.

"Dokta, samahani. Naomba wa kulia."

Akageuka. "Ulisema unaouma ni wa kushoto."

"Unauma, Dokta. Maumivu nimeyazoea. Ila mkono wa kulia ndio ninaolia chakula. Ndio ninaosalimia watu. Ndio ninaoandikia ubaoni."

Aliweka mafaili chini. Hakukasirika, na jinsi alivyokaa kwenye kiti kunieleza ilinitisha kuliko kama angekasirika. Mfupa wa kulia umekuwa mwembamba, alisema. Unaweza kupasuka wakati wa kuingiza chuma. Neva inayokwenda kwenye kidole cha mwisho imeshikamana na mfupa, inaweza kuumia. "Kushoto nina hakika nitafanikiwa. Kulia naweza kufungua, nikakuta siwezi kuweka kitu, nikafunga. Utabaki kama ulivyo, au vibaya zaidi. Nimechagua kushoto kwa sababu hiyo, sikukosea." Akatazama wodi. "Nimebakiza wagonjwa wanne kuwazungukia. Nikimaliza unipe jibu."

Nilimpigia Baba Rukia. Akasikiliza yote. "Mama Rukia," akasema, "mkono ni wako. Utakaochagua nitaupokea." Nilitaka anichagulie, nikamkasirikia.

Nikamgeukia Asumini. "Wewe unasemaje?"

"Usiniulize mimi."

"Nakuuliza."

Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi ndiye ninayekulisha, Somoe. Nikisema kulia, utasema nimechoka. Na ni kweli nimechoka! Sasa ukifungwa mkono umeharibika, nitaishi vipi na neno langu?"

Hajawahi kuniita jina langu kabla ya siku ile, wala baada yake. Nilikaa naye kitandani, mabega yetu yamegusana. Daktari alipokuja nilikuwa nimeshasimama.

"Kulia," nikasema.

Alichukua pamba na spiriti akaufuta mshale, ngozi ikabaki na rangi ya buluu. Akachora mwingine upande wa pili.

Baada ya kisu

Nilipozinduka niliona dari, kisha Asumini, kisha kitu kikubwa cheupe upande wa kulia. Swali nililouliza, naambiwa, niliuliza mara tano: "Wameweka, au wamefunga?"

"Wameweka," Asumini alinijibu mara zote tano.

Mfupa ulipasuka kidogo wakauzungushia waya. Ijumaa asubuhi daktari alipita na begi lake la safari, akaniambia nichezeshe vidole. Vinne vilicheza. Akagusa kidole cha mwisho kwa ncha ya kalamu. "Unasikia?"

"Sisikii."

Akagusa tena. Nikatamani kumdanganya. "Sisikii, Dokta."

"Neva ilikuwa imeshikamana kama tulivyoogopa. Huenda kikaamka, huenda kisiamke." Akaniwekea mkono wa pole begani, akaenda kuwahi usafiri wake. Nilikitazama kile kidole siku nzima kama mtu anayemngoja mgeni.

Tulikaa kwa ndugu mmoja Mbagala wiki saba, kila asubuhi mazoezi. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa dada mwembamba ambaye sikudhani ana nguvu. Alikunja mkono wangu kidogo kidogo, nikimlaani kimoyomoyo, kisha nikimwomba Mungu anisamehe.

Siku moja nimekaa barazani, Asumini anachambua mchele, pua ikaniwasha. Nikaikuna. Nikaendelea kutazama barabarani.

Sinia ya mchele ikaanguka. "Rudia!" Asumini akapiga kelele. "Rudia ulichofanya!"

Mimi sikujua nimefanya nini. Miaka mitatu nilikuwa nikimwambia yeye, "Wifi, pua," naye ananikuna. Nikarudia. Nikashika pua, nikashika sikio, nikashika paji la uso. Asumini alikaa kwenye mchele uliomwagika, akajifunika uso na upande wa kanga, akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja kuuliza nani amefariki.

Nyumbani

Kurudi tulipita barabara imeshatengenezwa. Nilitafuta pale tulipovukia, sikupatambua.

Newala walinipokea kwa maswali. Shemeji yangu mmoja aliniletea sumaku ya spika aone kama itanasa. Haikunasa, maana chuma hiki si cha aina inayonaswa na sumaku, akaona nimetapeliwa. Lakini lipo jambo ambalo sikuwaeleza vizuri ofisini, na ndilo wengi hamlielewi mnaponiona nimekaa wenzangu wanateka maji. Kiwiko hiki hakitabeba ndoo, si leo, si kesho, mpaka nizikwe nacho. Kitabeba sahani, kikombe, chaki, Kurani. Hapa kwetu, ambako maji ni kazi ya nusu siku, mwanamke asiyebeba ndoo anasemwa. Nisemeni basi. Na kidole cha mwisho bado hakijaamka. Nikishika kikombe cha moto nakitazama kwa macho, nisije nikaungua bila kujua.

Wiki iliyopita alikuja mwanamke kutoka Chiwata, anaitwa Mama Anjelina. Alishuka kwenye bodaboda kwa kuteleza kwa makalio, mikono ameikumbatisha tumboni, nami nikajua ugonjwa wake kabla hajafika mlangoni. Nilimkaribisha, nikamwekea chai, nikaona anaitazama bila kuigusa.

"Mwalimu," akasema, "nimesikia sifa tu. Mimi nataka ukweli."

Nikampa ukweli wote. Maji, mshale, mfupa uliopasuka, mazoezi, ndoo, kidole. Sikupunguza kitu. Alinisikiliza chai ikipoa.

"Na ukiambiwa leo urudi tena?"

"Nimeshaambiwa. Bingwa akija tena nakwenda, zamu ya kushoto."

Akavuta pumzi ndefu. "Daktari wa huku ameniandikia na mimi niende. Barua ninayo tangu mwaka jana. Nimeificha." Akaangalia mikono yake. "Mwalimu, mimi sina wifi. Mume wangu ni mgonjwa, wanangu wako mbali. Njia yote ile, nani atanilisha?"

Nilichukua kile kikombe, nikakitazama kama kina moshi, nikakiinua hadi kwenye midomo yake. Akanywa.

"Nitakulisha mimi," nikamwambia.